Funguo mbili za gari moja

Jumamosi, mnada wa Msalato. Jua limeanza kulegea, moshi wa nyama umetanda hadi barabarani, na Toyota Vanguard nyeusi imesimama katikati ya Noah mbili. Pembeni yake watu sita wameinama kama wanaopalilia karanga. Mmoja anachambua vumbi kwa vidole. Mwingine amewasha tochi ya simu ingawa bado mchana. Mama muuza soda ameinua kreti zake zote, moja baada ya nyingine, akachungulia chini yake na kuzirudisha.

Kijana mmoja, pengine ndiye pekee aliyekuwa ametulia, akasema, "Kaka, si upige simu nyumbani wakuletee ufunguo wa spea?"

Mwenye gari akanyamaza kidogo. "Haina spea. Ilikuja na mmoja."

Hakuna aliyecheka. Nusu ya waliosimama pale walipeleka mikono mifukoni kuhakikisha ufunguo wa kwao upo.

Ni ule mkono wa mfukoni ambao haujaondoka kichwani mwangu kwa wiki kadhaa sasa. Dodoma hii, kuanzia maegesho ya Mtumba hadi Kisasa na Nkuhungu, imejaa magari yenye tairi la akiba, jeki, pembetatu na mtungi wa zimamoto, lakini ufunguo ni mmoja tu, umo kwenye kava la plastiki lililopasuka na kufungwa mpira wa hela. Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile: bei.

Bei ni kweli. Lakini kila ukikaa na mafundi na kuangalia kinachouzwa hasa, inaonekana watu wengi wanalipia vitu ambavyo gari lao halina, au wanasubiri mpaka kile kilichokuwa rahisi kiwe kigumu.

## Unanunua vitu vinne

Ufunguo wa gari la kisasa ni vitu vinne vilivyobanwa kwenye plastiki moja, na kila kimoja kina bei yake.

Kuna chuma, kile kinachoingia kwenye swichi na kitasa. Kuna chipu, inayoliambia gari kwamba huyu ni mwenyeji. Kuna rimoti, yaani vitufe vya kufunga na kufungua milango. Halafu kuna kazi: kuchonga chuma na kulitambulisha gari kwa chipu na rimoti mpya.

Fundi akikutajia bei moja ya jumla, mwombe aikate vipande hivyo vinne. Si ugomvi, ni swali la kawaida kama kuuliza nyama kilo na ndizi kila kimoja bei gani. Hapo ndipo utagundua kwamba mara nyingi kinachopandisha bei ni rimoti nzuri yenye nembo, na kwamba ukiikubali spea isiyo na vitufe, yenye chuma na chipu pekee, bei inashuka sana.

Spea ni ya siku ya shida. Siku ya shida hakuna anayelia kwa sababu amefungua mlango kwa kuzungusha chuma.

## Je, gari lako lina chipu kweli?

Swali hili ndilo linalookoa hela kuliko mengine yote, na ndilo linalorukwa.

Magari mengi madogo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya 2000 mwanzoni hayakufungwa imobilaiza, yaani mfumo unaoizuia injini kuwaka isipoiona chipu inayoijua. Yana rimoti, ndiyo. Ufunguo una vitufe na unaonekana wa kielektroniki. Lakini rimoti inafungua milango tu. Injini haijali ni chuma gani kimeizungusha mradi meno yamelingana. Kwa gari kama hilo, spea ni kazi ya fundi wa kuchonga aliyekaa na mashine yake pembeni ya barabara. Dakika chache, umemaliza. Na bado kuna watu wanaolipishwa "kuprogramu" gari la aina hiyo, kwa sababu aliyelipa hakujua na aliyelipwa hakusema.

Kuna njia mbili za kujua ukiwa nyumbani.

Ya kwanza: zima gari, toa ufunguo, funga milango, kisha chungulia dashibodi kupitia kioo. Gari lenye imobilaiza mara nyingi huwa na taa ndogo nyekundu inayopepesa polepole, au alama ya gari lenye kufuli au ufunguo. Isipokuwepo, nenda njia ya pili.

Chukua karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia chakula. Funga kichwa chote cha ufunguo, tabaka tatu au nne, bila kuacha upenyo, ukiacha chuma nje. Gari likiwa limeegeshwa, piga stata. Likiwaka na kuendelea kunguruma kawaida, halina chipu inayosomwa. Likizunguka stata bila kushika, au likishika sekunde mbili na kufa, lina chipu. Ondoa karatasi, zima, washa tena, litarudi sawa. Sababu ni kwamba kuizunguka swichi kuna koili ndogo ya waya inayoipa chipu umeme kwa mawimbi ya masafa ya chini, kati ya kilohezi 125 na 134. Chipu haina betri yake. Inaishi kwa umeme wa koili ile. Aluminiamu inaukata.

Ndiyo maana betri ya rimoti ikifa, gari la kuzungusha ufunguo linaendelea kuwaka kama kawaida. Na ndiyo maana anayekuambia gari haliwaki "sababu betri ya rimoti imeisha" kwenye gari la namna hiyo anakupotosha, kwa kujua au kwa kutojua.

## Kipande cheusi kisichozidi punje ya maharage

Hapa pana ajali ambayo hutokea kila mara, na haihusiani na kuibiwa wala kupoteza.

Kava la ufunguo limechakaa. Mwenye gari ananunua kava jipya, zuri, lile la kukunja, na kuhamisha bodi ya rimoti mwenyewe kwa bisibisi ndogo. Vitufe vinafanya kazi. Kava la zamani linaenda kwenye ndoo ya taka. Kesho asubuhi gari linapiga stata lakini haliwaki.

Kwenye funguo nyingi za Toyota na Nissan, chipu haimo kwenye bodi. Ni kipande cheusi kigumu kama kaboni, au kijikapsuli cha kioo, kilichochomekwa au kugandishwa kwenye kona ya plastiki, karibu na chuma. Ukifungua kava, kabla hujagusa bodi, kitafute hicho. Kwenye baadhi ya funguo kimefunikwa kabisa ndani ya plastiki na lazima ukate kwa wembe, taratibu, bila kukipasua. Kikipasuka hakiungwi.

Kama ndoo ya taka bado ipo, iangalie kwanza kabla ya kumpigia fundi.

## Herufi kwenye chuma

Ukishajua chipu ipo, swali linalofuata ni chipu gani, na kwa Toyota jibu mara nyingi limeandikwa. Angalia sehemu ya juu ya chuma, pale kinapoingia kwenye plastiki. Herufi G maana yake chipu ya G, iliyoanza kuenea kwenye magari ya kuanzia karibu 2010. H ni ya baada ya hapo. Pakiwa patupu au pana nukta tu, kwa kawaida ni za zamani zaidi: mafundi huziita 4C au 4D67.

Mashine yoyote ya fundi yenye uwezo wa kusoma chipu, iwe ya Xhorse, Autel au Lonsdor, itakuambia jina kwa sekunde chache ukiingiza ufunguo kwenye tundu lake. Kusoma tu hakuharibu kitu. Mwombe akusomee kabla hamjazungumza bei, kwa sababu bei inafuata chipu. Haifuati ukubwa wa gari. Unaweza kukuta ufunguo wa pikapu kubwa ya zamani ni nafuu kuliko wa gari dogo jipya.

Kisha kuna njia mbili za kupata chipu ya pili.

Moja ni kunakili. Fundi anachukua chipu tupu, kwa mfano XT27 ya Xhorse ambayo inaweza kujifanya aina nyingi, na kuandika ndani yake yale yale yaliyo kwenye chipu yako. Gari haliguswi kabisa. Kwa gari, funguo zote mbili ni ufunguo mmoja. Kwa 4C na 4D67 hii ni kazi nyepesi. Kwa G inawezekana kwa mashine nzuri. Kwa H ni ngumu zaidi na mara nyingi inahitaji gari lenyewe liwepo.

Nyingine ni kusajili. Chipu mpya, yenye namba yake, inaongezwa kwenye orodha ya gari kupitia soketi ya chini ya usukani. Hapa gari linajua lina funguo mbili tofauti.

Kunakili ni rahisi na haraka, na kwa gari ambalo kontroli boksi yake, yaani kompyuta ya gari, ina matatizo ndiyo njia salama. Lakini siku ukipoteza nakala, huwezi kuifuta peke yake, maana ukiifuta umefuta na ile uliyobaki nayo. Kwa mtu anayeweza kumudu tofauti, kusajili ni bora.

Kuna jambo linaloumiza kidogo hapa. Chipu ya 4D ya zamani inatumia ufunguo wa siri wa biti 40. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA walionyesha kwamba siri hiyo inavunjika. Mwaka 2020 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, na Birmingham, Uingereza, wakaonyesha udhaifu kwenye kizazi kilichofuata, cha biti 80, kama kilivyotumiwa na Toyota, Kia na Hyundai.

Kwa hiyo spea yako imekuwa nafuu kwa sababu ile ile inayolifanya gari lako liwe jepesi kuibwa.

Hilo nitalirudia chini.

## Kama una ufunguo mkuu, jaribu miguu kwanza

Baadhi ya Toyota za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 zilizo na imobilaiza zinakubali chipu mpya bila mashine, mradi una ufunguo mkuu. Ufunguo mkuu kwa kawaida ulikuwa na kichwa cheusi. Ule wa kijivu, wa kumpa mtu wa kuegesha gari, hauna mamlaka hayo.

Chuma cha ufunguo mpya kiwe kimeshachongwa na kinazunguka vizuri. Milango ifungwe. Chomeka ufunguo mkuu bila kuuzungusha. Ndani ya sekunde 15 kanyaga na kuachia pedali ya mafuta mara 5. Ndani ya sekunde 20 zinazofuata kanyaga na kuachia breki mara 6. Chomoa. Ndani ya sekunde 10 chomeka ufunguo mpya, bila kuuzungusha, na kanyaga mafuta mara 1. Taa ya ulinzi itapepesa kwa takriban dakika nzima kisha itazimika. Kanyaga breki mara 1 kufunga zoezi. Washa.

Ikishindikana, jaribu tena mara moja kwa mtu wa pili akihesabu sekunde kwa sauti. Ikishindikana tena, gari lako si la kundi hilo, au ufunguo ulio nao si mkuu. Hujaharibu chochote. Nenda kwa fundi.

## Masafa ya Japani

Rimoti nzuri zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa mara nyingi ni za megahezi 433. Hayo ndiyo masafa ya Ulaya. Gari lako lililotoka mnada wa Japani kwa kawaida linasikiliza karibu na 312 hadi 315. Chipu ndani ya rimoti hiyo inaweza kukubaliwa na injini ikawaka, lakini vitufe vitabaki pambo hata ukae unavibonyeza kutwa nzima. Fundi ana kipimo cha masafa kwenye mashine yake. Bonyeza kitufe cha rimoti yako ya zamani mbele yake na namba itatokea.

Kwa magari ya kubonyeza, yale yasiyo na tundu la ufunguo, ongeza kipimo kimoja. Fungua rimoti yako ya zamani na uangalie bodi. Kwa Toyota nyingi kuna namba iliyochapwa inayoanza na 271451, ikifuatiwa na kistari na tarakimu nne. Tarakimu hizo nne ndizo zinazoamua. Rimoti mbili zinazofanana kwa nje kama mapacha, zenye vitufe vile vile na nembo ile ile, zikitofautiana namba ya bodi hazitaelewana na gari moja. Piga picha ya bodi, si ya kava. Ukiagiza kutoka maduka ya Gerezani, Kariakoo, mtumie muuzaji picha hiyo kabla hajaweka kifurushi kwenye basi la kuja Nzuguni. Kurudisha ni gharama nyingine na siku mbili nyingine.

Halafu kuna mtumba. Rimoti iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari lililogongwa, inavutia kwa bei. Lakini rimoti za kubonyeza za Toyota zikishasajiliwa kwenye gari hujifunga kwa gari lile. Lazima zifunguliwe upya kwa mashine kabla ya kuingia gari jingine, na si kila bodi inakubali kufunguliwa. Ukinunua mtumba, lipia baada ya kufunguliwa, si kabla. Rimoti mpya za jumla, kama zile za Xhorse au Lonsdor ambazo fundi huzipangia aina ya bodi kwa programu, mara nyingi ndizo chaguo la katikati: si ghali kama ya kiwandani, na hazina historia ya gari la mtu.

Hizo zinakuja na kijichuma cha dharura kisichochongwa, kimejificha ndani ya kava. Wengi hawakichongeshi. Siku betri ya gari imekufa pale Kibaigwa na milango imejifunga, ndiyo siku wanakumbuka.

Kichongeshe.

## Mbele ya fundi

Mgawanyo wa kazi unasaidia. Fundi mwenye mashine ya kuprogramu si lazima ndiye mchongaji mzuri, na mchongaji wa pembeni ya barabara si lazima awe na mashine. Hakuna ubaya kuchonga kwa mmoja na kusajili kwa mwingine, ila anza na kuchonga. Chuma cha aina sahihi: Toyota nyingi za zamani hutumia TOY43, Nissan NSN14, Honda HON66. Mchongaji anazijua kwa macho.

Tatizo la kuchonga ni nakala ya nakala. Chuma chako kimekuwa kikisugua kwenye swichi miaka 15, meno yamelika. Mashine ya kufuatisha inaiga meno yaliyolika, na kuongeza kosa lake yenyewe juu. Ufunguo mpya unaingia, unagoma kuzunguka, na mtu anaulazimisha hadi unakatikia ndani. Mchongaji mwenye mashine ya kompyuta anaweza kusoma meno ya zamani na kuyarudisha kwenye kipimo cha kiwandani. Kwa ufunguo uliochakaa, lipia huyo. Na jaribu chuma kwenye mlango wa dereva na kwenye swichi kabla ya kugusa habari ya chipu, kwa sababu chuma kibaya kinatupwa bila majuto lakini chipu iliyosajiliwa ni hela iliyokwenda.

Kabla ya kusajili, pima betri ya gari. Iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikiwa chini ya 12, weka chaja au ungeni na betri nyingine. Umeme ukishuka katikati ya kuandika kumbukumbu za imobilaiza, gari linaweza kusahau funguo zote, na wewe uliyekuja kuongeza mmoja unabaki huna hata mmoja. Taa, redio na feni vizimwe.

Mashine ikishaunganishwa, muulize fundi anachagua nini kwenye menyu: kuongeza, au kufuta na kuandika upya. Ni maneno mawili yanayokaa jirani. Hata kwenye rimoti za Toyota zinazosajiliwa kwa mkono, bila mashine, jambo hilo lipo: kuna hatua ambapo unazungusha swichi kutoka kufunga hadi kuwasha mara moja ili kuongeza, au mara mbili ili kufuta zote na kuanza upya. Milango inajibu kwa kujifunga na kujifungua, mara moja au mara mbili. Ukisikia mara mbili na ulitaka kuongeza, simama hapo hapo.

Sasa, kujaribu. Watu hujaribu vibaya. Ufunguo mpya unawasha gari, wote wanafurahi, hela inatoka, na kumbe ufunguo wa zamani ulikuwa mfukoni mwa mwenye gari muda wote. Gari la kubonyeza limesikia ule wa mfukoni. Kwa hiyo mpe mtu ufunguo wa zamani aende nao mbali, ng'ambo ya barabara, kisha jaribu mpya. Washa. Zima. Subiri dakika kama tano, gari lilale, washa tena. Fungua mlango kwa chuma. Bonyeza vitufe ukiwa hatua kumi mbali. Mwisho rudisha wa zamani na uhakikishe bado unafanya kazi wenyewe. Hapo ndipo ulipe.

## "Una kadi ya gari, bosi?"

Fundi akikuuliza hivyo, usikasirike.

Narudi kwenye lile la juu. Mtu mwenye mashine, dakika chache na mlango uliofunguliwa anaweza kuongeza ufunguo kwenye magari mengi tunayoendesha. Fundi anayedai kadi ya gari na kitambulisho kabla ya kufungua sanduku lake anakulinda wewe na kila mwenye gari mwingine mtaani. Fundi asiyeuliza chochote atakuhudumia haraka leo, na kesho atamhudumia mwingine haraka vile vile, kwa gari lako.

Hili ndilo lililogeuza mawazo kuhusu spea. Mwanzoni inaonekana ni suala la kuwa na funguo nyingi. Lakini gari ulilonunua mkononi kwa mtu, lenye namba ya usajili ya zamani, limepita kwa wamiliki wangapi? Kila mmoja alikuwa na mdogo wake, dereva wake, na mwoshaji wake. Mashine ya fundi inaweza kusoma kontroli boksi na kusema funguo zilizosajiliwa ni ngapi. Inapotokea gari la ufunguo mmoja likasoma tatu, hizo mbili ziko mahali.

Kwa gari la mkononi, basi, kazi sahihi ni kinyume cha ile niliyotahadharisha: futa zote kwa makusudi, kisha sajili ulizoshika mkononi. Ufunguo wako wa zamani na spea mpya. Kazi ni ya muda ule ule, na mara nyingi bei ile ile. Ila ufanye kwa kukubaliana, si kwa fundi kukosea kitufe. Na kumbuka kwamba kufuta chipu hakubadilishi vitasa: ule ufunguo wa mtu wa zamani bado utafungua mlango, ingawa hautawasha injini.

## Betri ya shilingi chache

Kabla ya kuagiza chochote kwa gari la kubonyeza linalosema haliuoni ufunguo, fungua rimoti na usome namba ya betri. CR1632 na CR2032 ndizo za kawaida. Betri mpya husoma juu kidogo ya volti 3. Hakikisha namba ni ile ile; 2032 haingii penye 1632, na 2016 kwenye nafasi ya 2032 inacheza ndani na kukata mawasiliano kila gari likipita kwenye tuta.

Na hata ikiwa imekufa kabisa, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, upande wenye nembo, subiri mlio, kisha bonyeza. Chipu iliyomo ndani haihitaji betri, kama ile ya ufunguo wa kuzungusha. Njia hii imeandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa Kijapani, kwenye droo ambayo haijafunguliwa tangu bandarini.

Spea ya kubonyeza usiihifadhi ndani ya gari. Gari halitakubali kujifunga, au litaendelea kuongea nayo usiku kucha hadi betri zote mbili zichoke. Iweke nyumbani ikiwa imetolewa betri, betri yenyewe ikiwa kwenye mfuko ule ule.

## Msalato, saa moja usiku

Fundi alifika kwa bodaboda akiwa na begi mgongoni. Akaomba kadi, ilikuwa ndani ya gari. Akapiga picha ya leseni na namba za usajili, akasema kadi ataiona mlango ukifunguka.

Mlango aliufungua kwa Lishi, ambayo si lishe bali ni chombo chembamba chenye mizani, kinachofungua kitasa huku kikisoma kina cha kila jino. Namba alizoandika kwenye kiganja ndizo zitakazochonga kijichuma kesho mjini. Kadi ikatoka kwenye droo. Jina likalingana na leseni.

Akawasha taa za hazadi ili gari lisilale, akachomeka mashine chini ya usukani, na skrini ikaanza kuhesabu. Kurudisha imobilaiza ya Toyota kwenye hali ya kukubali funguo mpya bila ufunguo wa zamani huchukua dakika 16, na ndani ya dakika hizo hakuna wa kugusa mlango wala swichi. Hizo dakika 16, safari ya usiku, Lishi na hatari ya kuharibu ndizo zinazofanya ufunguo uliopotea uwe ghali mara kadhaa kuliko ufunguo wa kuongeza. Gari lingekuwa la aina inayokataa njia hii, angelazimika kushusha boksi, kufungua bodi na kusoma kumbukumbu yake kwa waya, na hiyo si kazi ya mnadani.

Mkaa wa muuza nyama ulikuwa umebaki majivu. Mama wa soda alikuwa ameshafunga kreti zake.

Skrini ikafika sifuri. Fundi akatoa rimoti mpya, akaigusisha kwenye kitufe, ikalia. Kisha akatia mkono kwenye begi tena.

"Bosi, niingize na ya pili? Kazi nimeshaifanya, utalipa rimoti tu."

Mwenye gari akauliza, "Bei gani?"

Akatajiwa. Akaangalia chini kwenye vumbi, pale walipokuwa wameinama mchana kutwa.

"Ingiza."